Daftari za Wazungu wa kwanza katika masoko ya Asia

KUNA msemo ambao wafanyabiashara wa mpakani wanaujua, hata wale ambao hawakukaa darasani siku nyingi: mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo umenijia mara nyingi katika miezi hii ambayo nimekuwa nikisoma, jioni baada ya kazi, tafsiri za vitabu na barua za Wazungu wa kwanza waliokwenda kufanya biashara Asia miaka mia tano iliyopita. Vita vimo, wafalme wamo, mizinga imo. Lakini kurasa nyingi zaidi zimejaa bei.

Bei ya pilipili manga. Bei ya karafuu. Frasila ina uzito gani katika bandari hii, na kwa nini ni tofauti na ya bandari ile. Ushuru wa forodha ni kiasi gani, nani anasamehewa, nani anakopesha, nani hakopesheki, na pepo hugeuka mwezi gani. Ndugu msomaji ambaye kila wiki unavuka Rusumo, Mutukula au Busia na mzigo wako, hayo si mambo mageni kwako. Ndiyo maana nimeona niyalete katika ukurasa huu badala ya kuwaachia maprofesa.

Shuleni tulifundishwa habari hizi kwa tarehe: mwaka 1498 Vasco da Gama, mwaka 1511 Malacca, mwaka 1602 kampuni ya Waholanzi. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Ambacho hatukuambiwa ni kwamba habari hizo zilipatikanaje. Nani aliandika, alimwandikia nani, na yeye mwenyewe aliambiwa na nani? Hapo ndipo penye utamu, na penye uchungu pia.

Shati la reis 300

Tuanze na safari ya Vasco da Gama. Mkuu huyo wa msafara hakutuachia daftari lake. Tulicho nacho ni kumbukumbu ya mtu mmoja aliyekuwa katika merikebu zake, ambaye hakuandika jina lake. Wengi wanadhani ni Álvaro Velho. Nakala ya kumbukumbu hiyo ilipatikana Porto, Ureno, ikachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1838, yaani miaka 340 baada ya merikebu hizo kufika India.

Mwandishi huyo anaeleza walivyopita Msumbiji na Mombasa kwa ugomvi, walivyopokewa vizuri Malindi, na jinsi mfalme wa Malindi alivyowapa rubani wa kuwavusha. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, wakakaa siku 23 bila kuona nchi kavu, ndipo milima ya India ikatokea. (Wengi wetu tulifundishwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa Waarabu. Wanahistoria wengi hawakubali tena jambo hilo. Inaelekea zaidi kwamba alikuwa mtu wa Gujarat.)

Walipotia nanga karibu na Calicut, mtu wa kwanza waliyemtuma pwani alipelekwa kwa watu wawili waliotoka Tunis, nao wakamsemesha kwa lugha za Kizungu alizozielewa. Wareno walikuwa wamezunguka bara zima la Afrika kutafuta njia mpya, kumbe sokoni tayari wapo watu wanaojua Kihispania!

Kilichofuata kinachekesha hadi leo. Da Gama alitaka kumpelekea mfalme wa Calicut zawadi, na mwandishi wetu ameorodhesha kila kitu: vipande 12 vya kitambaa cha mistari, kofia nyekundu za kufunika kichwa nne, kofia nyingine sita, shada nne za marijani, mabeseni sita ya kunawia, sanduku la sukari, mapipa mawili ya mafuta na mawili ya asali. Maofisa wa mfalme walipoviona walicheka. Wakasema mfanyabiashara maskini kuliko wote anayetoka Makka huleta zaidi ya hivyo, na kama ni zawadi ya mfalme basi ilete dhahabu.

Biashara yenyewe nayo haikwenda. Bidhaa zao ziliwekwa ghalani, wateja wakaja, wakazigeuzageuza, wakaondoka. Mwandishi anatoa mfano wa shati zuri ambalo Ureno lingeuzwa reis 300, lakini Calicut lilipata reis 30 tu. Yeyote aliyewahi kubeba mali kwenda soko asilolijua, akaikuta imejaa tele na bei imeanguka, anaijua hali hiyo. Mabaharia waliuza hivyo hivyo kwa hasara, kwa kuwa kila mmoja alitaka arudi nyumbani na karafuu kidogo, mdalasini kidogo, au kijiwe cha thamani cha kuonyesha.

Mimi kilichonivutia kuliko vyote kimo mwishoni mwa daftari hilo. Mwandishi ameongeza orodha ya bei za viungo huko Alexandria, Misri, ili zilinganishwe na bei za Calicut. Halafu ameongeza orodha ya maneno ya lugha ya watu wa Calicut pamoja na maana zake. Mtu aliyechekwa sokoni alirudi kwao na vitu viwili vya maana: tofauti ya bei na lugha ya muuzaji. Merikebu za Ureno zilizofuata hazikuchekwa tena, kwa sababu zilikuja na mizinga mingi zaidi.

Mtengeneza dawa aliyehesabu lugha 84

Kama ningeambiwa nichague kitabu kimoja tu katika hivi vyote, ningechagua cha Tomé Pires. Huyu hakuwa askari wala mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa mtengeneza dawa wa Lisbon, na wakati ule dawa na viungo vilikuwa biashara moja. Kafuri, miski, ubani, mdalasini na kungumanga vyote viliuzwa na watu wa kazi yake. Alifika India mwaka 1511 kusimamia ununuzi wa dawa, na mwaka uliofuata akapelekwa Malacca, bandari kubwa katika mlango-bahari kati ya rasi ya Malay na kisiwa cha Sumatra, ambayo Wareno chini ya Afonso de Albuquerque walikuwa wameiteka mwaka 1511. Huko alikuwa karani na mhasibu. Kati ya mwaka 1512 na 1515 aliandika kitabu alichokiita Suma Oriental, yaani muhtasari wa habari za Mashariki.

Anaanzia Misri na Bahari ya Shamu, anapita Uajemi, India, Bengal, Siam, Uchina, Java, hadi visiwa vya karafuu. Kila nchi anaiuliza maswali yaleyale: inazalisha nini, inahitaji nini, ina vyombo vingapi, pesa yake ni ipi, mizani yake ikoje. Kurasa nyingine zinachosha, nakiri, ni kama kusoma karatasi za forodha. Lakini akifika Malacca anakuwa mtu mwingine.

Anasema katika mji huo zilisikika lugha 84. Anataja watu mmoja mmoja: wa Cairo, Makka, Aden, Wahabeshi, Waajemi, Waturuki, Waarmenia, Wagujarati, Wabengali, Wachina, watu wa Luzon na wa visiwa vya Ryukyu. Na katikati ya orodha hiyo ndefu wamo watu wa Kilwa na wa Malindi. Nilirudia mstari huo mara mbili. Watu wa pwani yetu wameandikwa katika orodha ya wafanyabiashara wa Malacca, miaka michache tu baada ya Wareno kuwasili. Pires anaeleza pia kwamba waliotoka mbali upande wa magharibi hawakuweza kufika Malacca kwa msimu mmoja wa pepo. Walitua kwanza Cambay, huko Gujarat, wakauza, wakanunua, kisha wakaendelea na vyombo vya Wagujarati.

Utaratibu wa bandari anauandika kwa makini ya mtu aliyeketi nyuma ya meza ya hesabu. Kabla ya Wareno kulikuwa na shahbandar wanne. Neno hilo ni la Kiajemi, maana yake mfalme wa bandari, na bandari ya Kiswahili asili yake ni hukohuko, kama ilivyo nahodha. Shahbandar mmoja aliwashughulikia Wagujarati peke yao, maana mizigo yao ilikuwa mikubwa kuliko ya wengine. Wa pili alikuwa wa watu wa kusini mwa India, Bengal, Pegu na Pasai. Wa tatu wa Java, Maluku, Banda na visiwa vya jirani. Wa nne wa Wachina na wenzao wa upande huo. Nahodha akifika alikwenda kwa shahbandar wake, akatafutiwa ghala na mahali pa kulala, akapelekwa kwa wakubwa wa mji.

Ushuru nao ulijulikana. Mzigo uliotoka magharibi ulitozwa sita kwa mia. Uliotoka mashariki haukutozwa ushuru, ila mwenye mali alitoa zawadi, na zawadi hiyo ilikuwa na kiasi kinachoeleweka. Baada ya hapo wafanyabiashara kumi au ishirini walikaa na mwenye mali, wakapatana bei ya mzigo mzima kwa mara moja, kisha wakagawana wao kwa wao kwa kadiri ya fungu la kila mmoja. Akina mama wanaochangishana kununua fuso zima la viazi au ndizi wataelewa mara moja faida ya mpango huo: muuzaji haozi na mzigo wake, mnunuzi mdogo anapata bei ya jumla, na chombo kinawahi pepo.

Hata hivyo Pires asomwe kwa jicho la pili. Kitabu chake alimwandikia Mfalme Manuel wa Ureno, na Malacca ilikuwa imepatikana kwa damu na gharama kubwa. Alikuwa na sababu ya kuonyesha kwamba mali iliyoko pale inastahili. Waislamu anawasema vibaya kila anapopata nafasi, na papo hapo karibu kila anachokijua amekipata kwao, maana nani mwingine angemweleza bei za Java na Maluku? Anaposifu utaratibu wa zamani, anausifu akiwa mtumishi wa watu waliouvunja. Wafanyabiashara wengi Waislamu hawakukaa Malacca ya Wareno. Walihamisha biashara zao kwenda Aceh, Johor, Bantam na bandari nyingine, na bandari hizo zikakua kwa sababu yao.

Kitabu chenyewe kilikuwa na safari yake. Mwaka 1550 mchapishaji Giovanni Battista Ramusio wa Venice alitoa sehemu yake tu, bila jina la mwandishi na bila habari za visiwa vya karafuu. Ureno haikuwa na haja ya kuwapa washindani wake wa Venice habari ya mahali karafuu inakoota. Nakala kamili ilitambuliwa na Mreno Armando Cortesão mwaka 1937, katika maktaba ya Bunge mjini Paris, akaichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1944. Kwa karne nne mtengeneza dawa huyu alikuwa karibu amesahaulika.

Naye mwenyewe hakurudi kwao. Mwaka 1517 alifika Guangzhou akiwa balozi wa kwanza wa Ureno kwa mfalme wa Uchina. Lakini sultani wa Malacca aliyefukuzwa naye alikuwa ametuma malalamiko Beijing, akaeleza Wareno walimfanyia nini. Ujumbe wa Pires ukakataliwa, akarudishwa Guangzhou na kufungwa. Barua za wenzake waliokuwa kifungoni, Cristóvão Vieira na Vasco Calvo, zilipenyezwa nje, na ndizo zinazotueleza mateso yao. Mtu aliyeandika kila bei kuanzia Bahari ya Shamu hadi Java hakuacha maandishi yoyote kuhusu siku zake za mwisho.

Karani mwingine, na uzi wa buluu

Wakati huohuo, huko Cannanore katika pwani ya Malabar, alikuwako karani aitwaye Duarte Barbosa, aliyejifunza lugha ya wenyeji na kuandika kitabu kilichokamilika karibu na mwaka 1518. Nacho kinaishia na bei, zikiwemo za viungo huko Calicut na za yakuti na mawe mengine. Barbosa ana habari moja ya upande wetu ambayo inafaa kutajwa. Anasema watu wa Sofala walinunua nguo za rangi kutoka Cambay, zilizoletwa kupitia Kilwa, Mombasa na Malindi. Kwa kuwa wenyewe hawakuwa na namna ya kutia rangi, walizifumua nyuzi za buluu na kuzifuma tena pamoja na pamba yao nyeupe. Mfumaji wa Gujarat hakujua nguo yake inafumuliwa Sofala, lakini karani wa Cannanore alijua.

Maandishi kama haya yana thamani ya ziada kwa sababu ya jambo lililotokea Lisbon tarehe 1 Novemba 1755. Tetemeko la ardhi, mawimbi na moto viliangamiza sehemu kubwa ya mji, na nyaraka za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Ureno na Asia, zikapotea. Vitabu vya hesabu vya miaka zaidi ya 200 viliteketea kwa siku chache. Ndiyo maana wanahistoria wanang'ang'ania nakala zilizokuwa zimelala Paris na Porto.

Siri ya Goa yauzwa Amsterdam

Mwaka 1583 kijana wa Kiholanzi, Jan Huygen van Linschoten, alifika Goa akiwa karani wa askofu mkuu. Goa ilikuwa makao makuu ya Wareno huko Asia. Linschoten alikaa hapo miaka mitano hivi, akisikiliza, akinakili, akiuliza mabaharia. Barua na ramani zilipita mikononi mwa watu aliofahamiana nao. Aliporudi Uholanzi alikuwa na kichwa kilichojaa mali ya watu.

Mwaka 1595 mchapishaji Cornelis Claesz wa Amsterdam alitoa maelekezo yake ya njia za baharini, na mwaka 1596 kitabu kikubwa, Itinerario. Ndani yake mna miamba ya kuepuka, misimu ya pepo, bidhaa za kila bandari, na ushauri uliogharimu Ureno pesa nyingi: ukienda Java, usipite Malacca ambako Wareno wana ngome, pita mlango-bahari wa Sunda. Msafara wa kwanza wa Waholanzi, chini ya Cornelis de Houtman, uliondoka mwaka huohuo wa 1595 ukiwa na maelekezo hayo, ukafika Bantam mwaka 1596. Chini ya nusu ya mabaharia ndio waliorudi, lakini njia ilikuwa imejulikana. Mwaka 1598 Waingereza nao walikuwa na tafsiri yao. Mwisho wa mwaka 1600 kampuni ya Waingereza ilianzishwa, na Machi 1602 ile ya Waholanzi, maarufu kama VOC.

Nasema wazi, katika hadithi yote hii hakuna silaha iliyowaumiza Wareno kuliko karani aliyekuwa na mwandiko mzuri.

Kampuni zilizoandika kila kitu

Kuanzia hapo karatasi zinakuwa mlima. Wakala wa kampuni alikuwa mwajiriwa aliye mbali na mwajiri wake kwa mwaka mzima au zaidi wa kusubiri jibu, kwa hiyo alitakiwa aandike: nimenunua nini, nimeuza nini, nani kafa, nani kaiba. Shirika la UNESCO lilipoziingiza nyaraka za VOC katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 2003, zilikadiriwa kuwa kurasa milioni 25, zikiwa zimetawanyika The Hague, Jakarta, Colombo, Chennai na Cape Town. Za Waingereza ziko hasa katika maktaba yao ya taifa jijini London.

Nyingine ni hazina. Francisco Pelsaert, wakala wa VOC mjini Agra, aliandika karibu na mwaka 1626 taarifa kuhusu biashara ya nili, ile rangi ya buluu: jinsi mavuno yanavyotofautiana, yapi bora na yapi hovyo. Lakini hakuishia hapo. Aliandika pia juu ya vibarua wa Agra, ujira wao mdogo, vyumba vyao vya udongo na maofisa wanaowanyang'anya. Ni nadra mnunuzi kuandika habari za wanaomtengenezea mali.

Nyingine zinatia kichefuchefu. Edmund Scott aliachwa Bantam kuwa msimamizi wa ghala la Waingereza, akaishi kwa hofu ya wezi na moto. Mwaka 1604 watu walichimba shimo chini kwa chini kutoka nyumba ya jirani, na moto ukawashwa. Scott, katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1606, anasimulia jinsi walivyomkamata sonara mmoja wa Kichina na kumtesa, hatua kwa hatua, kabla ya kumuua. Anayaandika hayo bila aibu, kama mtu anayeeleza hasara ya mzigo. Sonara huyo ana maneno machache sana katika ushahidi huo, na hayo machache yameandikwa na aliyemtesa.

Wasioshika kalamu

Marehemu mjomba wangu aliuza vitenge na betri za tochi mpakani kwa miaka mingi. Ameacha daftari la kurasa 96. Limo kila deni, lakini majina hayamo: kuna mama wa kona, kuna kijana wa baiskeli, kuna yule mrefu. Yeye aliwajua. Sisi hatuwajui, na hatutawajua. Ndivyo walivyo watu wa Asia katika daftari za Wazungu: Mgujarati fulani, Mjava fulani, rubani fulani. Hesabu za Wagujarati wenyewe, waliokuwa na biashara kubwa kuliko Wareno, kwa sehemu kubwa hazijatufikia.

Si kwamba hawakuandika kabisa. Mwanachuoni Zainuddin Makhdum wa Malabar aliandika kwa Kiarabu, mwishoni mwa karne ya 16, kitabu kiitwacho Tuhfat al-Mujahidin, ambacho kinaieleza biashara ileile upande wa pili. Wareno walikuwa wamelazimisha kila chombo kiwe na cheti chao, cartaz. Chombo kisichokuwa nacho kilikamatwa, mali ikachukuliwa. Katika maandishi mengi ya Kireno cheti hicho ni utaratibu tu wa bahari. Kwa Zainuddin ni dhuluma kwa watu waliosafiri baharini humo tangu enzi za babu zao bila kuomba ruhusa ya yeyote. Anayevuka mpaka kila siku hahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo.

Lakini mahali ambapo ukimya unauma zaidi ni Banda, visiwa vidogo mashariki ya Indonesia ya leo. Wakati ule kungumanga na basibasi vilitoka huko tu, kama karafuu ilivyotoka visiwa vichache vya Maluku. (Karafuu tunayoihusisha na Unguja na Pemba ilifika huko mwanzoni mwa karne ya 19.) Wazee wa Banda walitia saini mikataba ya VOC iliyodai wasimuuzie mtu mwingine. Waholanzi waliitegemea mikataba hiyo kama sheria. Wabanda waliendelea kuwauzia Wajava, Wamalay na Waingereza, kwa sababu hao ndio walioleta mchele, sago na nguo wanazozitaka, na kisiwa cha kungumanga hakiwezi kula kungumanga. Mwaka 1609 Wabanda walimuua kamanda wa Kiholanzi, Pieter Verhoeven. Jan Pieterszoon Coen, aliyekuwa na msafara huo, hakusahau.

Mwaka 1621 Coen alirudi akiwa gavana mkuu, na jeshi. Wazee 44 walikatwa na askari wa kukodiwa kutoka Japani. Inakadiriwa Banda ilikuwa na watu wapatao 15,000. Waliobaki hapo baadaye walikuwa kama 1,000. Karibu 800 walipelekwa Batavia utumwani, wengi walikufa kwa njaa na vita milimani, na mashamba yakagawiwa Waholanzi waliotumia watumwa kutoka nje. Karatasi za VOC zinaeleza hesabu ya kungumanga ya miaka iliyofuata kwa usahihi mkubwa. Waliokimbia hazielezi waliishi vipi.

Walikimbilia mashariki kwa mashua, hadi visiwa vya Kei, na huko wazao wao wana vijiji viwili, Banda Eli na Banda Elat. Lugha ya asili ya Banda haisemwi tena Banda. Inasemwa Kei, walikopelekwa na mashua za wakimbizi. Mtafiti wa Finland, Timo Kaartinen, aliyeishi Banda Eli, alichapisha mwaka 2010 kitabu kuhusu nyimbo zao. Wanaimba juu ya safari, bandari na jamaa waliotengana nao. Ndani yake hamna bei ya kungumanga, lakini majina ya watu yamo.